Fezi moja ama tatu? Kwanza piga hesabu ya saa kumi na mbili asubuhi

Kila mtu anayejenga huku Utawala, Ruai, Kitengela, akifika mahali pa kuomba stima swali ni lile lile, niweke fezi moja, yaani njia moja ya stima kuingia nyumbani, ama fezi tatu. Halafu fundi anauliza nyumba ina vyumba vingapi vya kulala, akisikia vitano anasema hiyo ni fezi tatu mkubwa, usijisumbue. Mimi hapo nakataa. Vyumba havili stima, vitu ndivyo vinakula, na kubwa zaidi ni vitu gani vinawaka kwa wakati mmoja.

Hesabu yenyewe si ngumu, wati gawanya kwa volti unapata ampea, na stima yetu ni volti 240. Angalia mita nyingi za fezi moja utaona zimeandikwa 60A ama 80A, hiyo ndiyo dari yako. Sasa chukua asubuhi ya Jumatatu, watoto wanaenda shule, shawa ya moto ya kilowati 5.5 inavuta ampea 23 hivi, na kama bafu ni mbili na zote ziko na watu hiyo ni 46. Birika la stima la kilowati 2 linaongeza 8, pasi ya wati 1,200 inaongeza 5, tayari uko 59 na hakuna mtu amefikiria chai ya pili. Friji hata ampea moja haifiki. Taa ndio usihesabu kabisa, balbu thelathini za LED za wati 9 zote zikiwaka ni kama ampea moja, kwa hivyo yule mzee wa kuzunguka akizima taa ndio mzigo upungue anafanya mazoezi tu.

Ukiona hivyo, kinachoamua kwa nyumba nyingi za Nairobi ni shawa. Kupika wengi tunapika na mtungi wa gesi. Ukitoa shawa moja uweke hita ya sola kwa paa, ile nyumba ya vyumba vitano inakaa vizuri sana kwa fezi moja. Lakini ukitaka kuka ya stima yenye oveni, shawa tatu, na siku moja gari la stima ambalo chaja yake ya kilowati 7 inavuta ampea 29 masaa mengi mfululizo, hapo sasa omba fezi tatu na usibishane na mtu.

Na jua unachopata. Fezi tatu haifanyi shawa iwe moto zaidi, kila soketi bado ni 240, unapewa tu njia tatu, na ile volti 415 ni kati ya fezi na fezi, inafaa pampu kubwa ya kisima ama mashine ya posho. Sasa kuna fundi ataweka shawa zote kwa fezi moja, fezi zingine mbili zinabaki na taa za sebule, halafu breka, ile swichi inayokata stima mzigo ukizidi, ikishuka kila asubuhi anasema uiongeze! Usiongeze breka kama hujabadilisha waya. Breka iko hapo kulinda waya, ukiweka ya ampea 63 kwa waya wa milimita 6 za mraba uliokuwa na breka ya ampea 32, basi waya ndio umekuwa fyuzi, na fyuzi hiyo iko ndani ya ukuta wako. Kwa hivyo fundi awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia nishati, mwambie akuonyeshe, asikasirike.

Wenye ploti za kukodisha hesabu yenu ni tofauti kabisa. Bedsita kumi kila moja na shawa yake ni ampea 230 wakioga wote pamoja, hawatawahi kuoga wote pamoja, lakini hata wakiwa wanne tu hiyo ni 92, hapo ni fezi tatu na nyumba zigawanywe sawa, tatu, tatu, nne.

Kama transfoma iko mbali na usiku taa zinafifia, hiyo ni shida ya laini, breka kubwa haiitibu. Na wakati bado mnachimba mtaro kutoka getini hadi nyumbani, zika paipu pana kuliko unayohitaji, bei haizidi sana, ili siku ile gari la stima likija mvute waya mnene bila kung'oa kabro.