Twende Kilioni

Kwa karibu miaka yote mitano niliyofanya kazi katika benki moja jijini San Francisco, wenzangu hawakuziona nywele zangu. Walilolijua ni wigi jeusi lililonyooka hadi mabegani, ambalo kila usiku nililivisha kichwa cha plastiki kilichokaa juu ya kabati la chumbani. Hakuna aliyeniamuru kulivaa. Wiki yangu ya pili kazini, mwaka 2014, nilikwenda nimesuka, na msimamizi wangu akaniambia kwa upole mwingi kwamba wateja humwamini zaidi mtu aliyejiweka nadhifu. Sikuhitaji kufafanuliwa. Jumamosi ile ile nilinunua wigi.

Juni 2019 mama mdogo alikuja kutoka Tanga kunitembelea nyumbani kwangu Oakland, nikamwachia chumba changu. Hakukipenda kile kichwa hata kidogo. "Mwanangu, nikiamka kusali alfajiri nakikuta kinanikodolea macho," alilalamika, ingawa macho hakikuwa nayo.

Tarehe 3 Julai, Gavana Gavin Newsom alitia saini sheria iliyoifanya California kuwa jimbo la kwanza la Marekani kukataza waajiri na shule kumbagua mtu kwa sababu ya nywele zake za asili, ikitaja misuko, dredi na nywele za kusokota. Muswada ulikuwa wa Seneta Holly Mitchell, mwanamke Mweusi ambaye mwenyewe ana dredi. Niliisoma habari hiyo mara mbili, nikakumbuka hukumu ya mwaka 2016 ambamo mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa madai yaliyofunguliwa kwa niaba ya mwanamke wa Alabama aliyekosa kazi kwa kukataa kukata dredi zake. Majaji walisema mtindo wa nywele ni kitu ambacho mtu anaweza kukibadilisha. Hoja hiyo ilikuwa imenichoma kwa miaka mitatu, kwa sababu mimi nilikuwa ushahidi wao unaotembea.

Jumapili jioni nilimwomba mama mdogo anisuke.

"Hiyo sheria yenu imeshaanza kazi?" aliuliza.

"Bado, mama. Mpaka Januari mosi."

"Basi nisuke au nisisuke?"

"Suka."

"Nikusuke nini?"

"Twende kilioni."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Unakwenda kazini au msibani?" Msuko huo, kwa asiyeujua, ni mistari inayorudi nyuma, haina madoido, nao ndio unaosukwa haraka taarifa ya msiba inapomkuta mtu kichwa wazi. Nilikaa chini, kichwa katikati ya magoti yake, naye akapitisha ncha ya kitana utosini, akapaka mafuta ya nazi kila njia aliyoichora. Kwenye paji la uso, ambapo ukingo wa wigi ulikuwa umekula nywele, alisita. Aliguna tu, akaanza mstari nyuma kidogo ya pale.

Jumatatu tarehe 8 nilikuwa na kikao cha wakuu wa idara, cha kupitia mikopo ya wafanyabiashara wadogo inayochelewa kulipwa. Ripoti niliiandika mimi kwa wiki sita. Kuiwasilisha, kama desturi, ilikuwa kazi ya msimamizi. Ndani ya treni iliyopita chini ya ghuba nilijitazama kwenye kioo cha dirisha, na nakiri kwamba wigi lilikuwa mkobani. Mlangoni mwa lifti msimamizi alinitazama kichwa, akatabasamu, akauliza kama nakwenda likizo. "Hapana," nilisema, "nakwenda kuwasilisha ripoti yangu." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Pengine yeye naye hakuwa amejiandaa kukataa.

Nilizungumza kwa dakika ishirini. Mkuu mmoja alipodai kwamba wanaochelewa ni wazembe, nilimwonyesha kuwa wengi wao walikuwa wakilipa, ila baada ya tarehe tuliyowapangia, kwa kuwa wateja wao wenyewe huwalipa mwisho wa mwezi. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika katika ripoti mbili zilizotangulia, yakaondolewa kabla ya kufika mezani pale. Safari hii aliyekuwa na karatasi mkononi ni mimi. Baadaye mwenzangu mmoja aliomba kugusa msuko, nikamkatalia, akaona haya, tukaendelea kunywa kahawa. Katikati ya maswali ndipo nilipogundua kwamba mkono wangu haukuwa umepanda hata mara moja kwenye paji la uso kurekebisha kitu.

Niliporudi nyumbani nilikuta mama mdogo amekifunga kile kichwa cha plastiki kilemba cha kanga na kukigeuza kikatazama ukuta. Nilitoa wigi mkobani nikamuuliza niliweke wapi. "Usiniulize mimi," alisema, akarudi jikoni kukuna nazi.