Hiari yenye bili

Mweka hazina wa kanisa ni mimi, kwa hiyo barua ya benki ilinifikia mimi kwanza. Jengo tulilolipenda hapa Minneapolis, lile ambalo Mama Mchungaji alishalipimia mapazia, lisingepata mkopo mpaka historia yake ijulikane. Mtaalamu tuliyemwajiri akapekua ramani kuukuu za bima ya moto na vitabu vya anwani za jiji, akarudi na jibu: miaka ya sitini palikuwa na drai klina.

Nilicheka. Dobi naye ana ubaya gani? Kumbe ubaya ni dawa yake, tetrakloroethilini, wenyewe huiita perki. Ni nzito kuliko maji. Ikimwagika hupenya hata saruji, ikazama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, na mvuke wake ukapanda tena kuingia ndani ya jengo. Kwa maji ya kunywa Marekani inaruhusu sehemu 5 tu kwa bilioni. Wakatoboa mashimo sita, wakachota udongo na hewa ya chini ya sakafu. Ilikuwemo.

Sheria ya Marekani ya kusafisha ardhi yenye sumu, Superfund ya 1980, inaweza kumfanya mnunuzi adaiwe uchafu ambao hakuumwaga, ndiyo maana watu huvikimbia viwanja vya namna hii vikaota magugu. Minnesota ina njia nyingine tangu 1988: unajipeleka mwenyewe kwa wakala wa jimbo wa kudhibiti uchafuzi, unaajiri wataalamu wako, unaandika mpango wa usafishaji. Wao wanausoma, wanasema sawa au rudia, na kazi ikiisha wanakupa barua ya kuonyesha wameridhika. Kusoma huko wanatoza kwa saa.

"Yaani tunajitolea, halafu tunalipia kujitolea kwetu?" mzee wa kamati ya ujenzi akaniuliza.

Ndiyo, mzee. Tukafanya harambee mbili.

Kilichozua ugomvi hasa ni kwamba serikali haikudai kila chembe iondolewe. Udongo mbaya zaidi, wa nyuma ya jengo, ulichimbwa ukapelekwa kwenye jalala lenye kibali. Uliobaki umelala chini ya saruji, na bomba limepita sakafuni hadi juu ya paa, lina feni inayovuta mvuke usiku na mchana. Kwenye hati ya ardhi imeandikwa kisima kisichimbwe hapa. Vijana wakasema huko si kusafisha, ni kufunika. Sikuwabishia sana. Nusu yake ni kweli.

Lakini mimi nimekulia Changamwe, Mombasa, si mbali na mtaa wa Owino Uhuru, ambako madini ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliingia kwenye damu za watoto. Wakazi walilazimika kwenda mahakamani, na mwaka 2020 ndipo mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo afisa anayenipigia simu kuuliza vipimo vya hewa ya chumba cha Shule ya Jumapili, hata akinitoza hiyo saa, namlipa.

Barua ilikuja Machi. Benki ikafungua mkoba siku kumi baadaye. Mapazia yametundikwa, mafupi kidogo, na mchungaji akinyamaza katikati ya maombi unaisikia ile feni juu ya paa. Bili yake ya umeme nimeiwekea mstari wake kwenye bajeti, chini ya maua.