GB 100 zilizokataa kutumika: kurudisha nafasi ya diski baada ya jaribio la kuweka mifumo miwili

Mtu anapotenga nafasi kwenye diski ili aweke Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kando ya Windows, kisha kazi ikakwama njiani, mara nyingi hubaki na kipande cha diski kinachoonekana na mifumo yote miwili lakini hakuna hata mmoja unaokubali kukitumia. Ushauri anaopewa haraka, hasa na fundi mwenye foleni ya wateja, ni kufuta diski nzima na kupiga Windows upya. Nafasi hurudi kweli, hilo silikatai, lakini zinapotea picha, kazi za chuo na programu zilizolipiwa, ilhali diski yenyewe haina ubovu wowote. Nimeshuhudia watu wakipoteza tasnifu kwa njia hii, na inaniuma kwa sababu karibu kila mara haikuwa lazima.

Kisa ninachokieleza hapa ni cha kompyuta mpakato ya jirani yangu, mwanafunzi wa chuo. Ni mashine iliyokwisha kutumika nje kabla ya kuuzwa huku, yenye diski ya GB 500 na Windows 10. Windows husoma diski ya namna hiyo kuwa ni GB 465 hivi, na tofauti hiyo haihusiani kabisa na tatizo letu: mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huhesabu kwa vizidisho vya 1,024.

Diski ilikuwa na patisheni nne, yaani ilikuwa imegawanywa sehemu nne. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya MB 500, ambayo Windows huitumia kuwashia mfumo. Ikafuata C ya GB 120, kisha D ya GB 330, na mwishoni kabisa patisheni ya GB 15 iliyowekwa na mtengenezaji kwa ajili ya kurejesha mfumo ukiharibika. Kwa kuwa D ilikuwa na nafasi tupu nyingi, mwanafunzi aliipunguza kwa GB 100 kupitia Disk Management, zana ya Windows ya kugawa diski, akawasha mashine kwa flashi ya Ubuntu, ambayo ni aina moja ya Linux, na alipofika hatua ya kuchagua mahali pa kusakinisha akakuta kipande chake kimeandikwa “unusable”, na kitufe cha kuongeza patisheni kimefifia. Akarudi Windows na kujaribu kukitengeneza huko, likatokea onyo kwamba diski itageuzwa kuwa ya aina ya dynamic. Hakukubali, na hapo ndipo alipojiokoa, maana Windows haina njia ya kurudisha diski ya dynamic katika hali ya kawaida bila kwanza kufuta kila kilichogawiwa humo, na kuigawa diski ya aina hiyo kutoka upande wa Linux ni kazi ngumu. Onyo lenyewe huonekana la kawaida tu, na wengi hulibofya bila kulisoma hadi mwisho.

Chanzo cha haya yote kimo katika sekta ya kwanza ya diski. Mfumo wa ugawaji uitwao MBR, uliokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, huweka kila kitu katika baiti 512: baiti 446 ni za programu fupi ya kuwashia mashine, baiti 64 ni jedwali la patisheni, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Kila patisheni huchukua baiti 16 katika jedwali hilo, kwa hiyo mistari ni minne tu na haiongezeki. Ni kana kwamba jirani yangu alikuwa na viwanja vinne vyenye hati na cha tano kisicho na mstari wa kuandikiwa kwenye daftari. Ardhi ipo, haina tatizo, lakini hakuna mahali pa kuisajili. Ndiyo sababu kuipunguza D zaidi, au kusakinisha kwa flashi nyingine, kusingebadilisha lolote.

Kabla ya kugusa chochote, basi, inafaa kujua diski ni ya MBR au ya GPT, mfumo wa ugawaji uliokuja baadaye. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika diskpart, kisha list disk. Ukiona nyota chini ya safu ya Gpt, diski yako ni ya mfumo mpya ambao Windows huutengea mistari 128, na maelezo ya mistari minne hayakuhusu. Pasipo nyota, ni MBR. Kuna amri ya mbr2gpt, iliyokuja na Windows 10 toleo la 1703 mwaka 2017, inayogeuza MBR kuwa GPT bila kufuta data, lakini hukataa diski yenye patisheni za msingi (zile zilizosajiliwa moja kwa moja katika jedwali) zaidi ya tatu, na baada ya hapo mashine hulazimika kuwaka kwa UEFI, programu ya kuwashia mashine iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani. Kwa diski hii, njia hiyo ilikuwa imefungwa.

Njia rahisi ingekuwa kubofya D na kuchagua Extend Volume, kwa sababu GB 100 zilikuwa upande wa kulia wa D moja kwa moja, na D ingerudi kama zamani. Lakini C ilikuwa inakaribia kujaa, na yeye alitaka sehemu ya nafasi hiyo iende huko, na Linux bado anaihitaji kwa masomo. Disk Management hupanua patisheni kuelekea nafasi tupu inayoigusa upande wa kulia tu. Kati ya C na nafasi yetu ilikaa D nzima, kwa hiyo Extend Volume ya C ilikuwa imefifia. GParted, programu ya Linux ya kugawa diski, inaweza kuisogeza D kulia, na kazi hiyo inafanyika, ila kusogeza mwanzo wa patisheni maana yake ni kuandika upya data yote iliyomo, kipande baada ya kipande, kwa saa kadhaa. Umeme ukikatika na betri ikawa imechoka, patisheni inabaki nusu huku nusu kule. Mimi siifanyi kwa data isiyo na nakala, na kama nakala ipo tayari, kusogeza hakuna faida tena.

Tulichofanya ni kuazima diski ya nje, kunakili D yote, kisha kufungua faili kadhaa kutoka kwenye nakala, zikiwemo kubwa na za zamani, kuhakikisha zinafunguka kweli. Ndipo tukaifuta D. Ile D na GB 100 zake zikaungana kuwa kipande kimoja cha GB 330 chenye rangi nyeusi, ambayo katika Disk Management ni nafasi isiyogawiwa, na jedwali likabaki na patisheni tatu. Tukaipanua C kwa GB 80. Katika GB 250 zilizobaki tukatengeneza D mpya ya GB 150 kwa New Simple Volume, na hapa Windows ilifanya jambo ambalo wengi hawalitambui: kwenye diski ya MBR yenye patisheni tatu za msingi, ya nne haiundwi kuwa ya msingi, bali Windows hujenga patisheni panuzi na kuiweka D ndani yake. Fremu ya kijani kibichi ilizunguka D pamoja na GB 100 zilizobaki, nazo hazikuwa nyeusi tena bali kijani chepesi zikiwa na maneno “Free space”. Rangi hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Patisheni panuzi hutumia mstari mmoja tu wa jedwali, na ndani yake zinaweza kukaa nyingine kadhaa. Linux huwaka bila shida kutoka humo. Kisakinishi cha Ubuntu safari hii kilizikubali GB 100 bila kulalamika.

Kwa aliyefika mbali zaidi, yaani Linux iliingia nusu ikaacha patisheni zake, hatari ni nyingine. Kwenye mashine inayowaka kwa BIOS, GRUB, programu ya Linux ya kuwashia mifumo, huwa imekwisha kukalia zile baiti 446, na faili zake nyingine ziko ndani ya patisheni ya Linux. Ukiifuta patisheni hiyo kwanza, mashine itawaka na kusimama kwenye “grub rescue” huku Windows ikiwa salama lakini haifikiki. Kwa hiyo anza na flashi ya Windows: ingia sehemu ya Repair, fungua Command Prompt, andika bootrec /fixmbr, amri inayoandika upya programu ya kuwashia bila kugusa jedwali la patisheni. Windows ikishawaka yenyewe, ndipo ufute patisheni za Linux. Kwenye UEFI, kinachobaki ni folda ya ubuntu ndani ya patisheni ya EFI, ile yenye faili za kuwashia, na jina lake katika orodha ya kuwashia. Hivyo viwili vinaweza kuondolewa, lakini patisheni ya EFI yenyewe isiguswe, kwani Windows nayo huwaka kupitia hapo.

Na kama umefuta patisheni isiyo sahihi, acha kutumia diski hiyo papo hapo. Usiifomati, wala usitengeneze patisheni mpya juu yake. Kilichofutika kwenye MBR ni mstari wa jedwali. Data iko palepale hadi iandikwe juu yake, na TestDisk, programu ya bure ya Christophe Grenier, hupekua diski ikitafuta mianzo ya patisheni na mara nyingi huweza kuurudisha mstari huo. Iendeshe kutoka kwenye flashi, si kutoka kwenye diski inayookolewa, na kabla ya kuiruhusu iandike, bonyeza P juu ya kila patisheni iliyopatikana uone kama majina ya faili ni yako.

Nakala ya D ilibaki kwenye diski ya nje hadi Windows na Ubuntu zote mbili zilipowaka mara kadhaa na chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, ikapita kwenye C na D bila kosa. Baada ya hapo tu ndipo diski iliporudishwa kwa mwenyewe.