Ndala za Phalombe

Nilivuka daraja la Mto Songwe, mpakani Kasumulu, kuingia Malawi, Aprili 2023, nikiwa na begi moja mgongoni. Hadi Karonga sikujiona nimetoka nyumbani: mimi ni Mnyakyusa wa Kyela, na Wangonde wa kule unasema nao lugha yako, wanakujibu kwa yao, mnaelewana. Baada ya Mzuzu ndipo maneno yalipoanza kunipotea. Lilongwe tuliipita usiku. Blantyre nilishuka viungo vyote vinauma.

Kimbunga Freddy kilikuwa kimeipiga Malawi Kusini mwezi uliotangulia. Waliofariki walizidi 600, wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Nilipangiwa Phalombe, chini ya Mlima Mulanje. Wazee huko walisema ni Napolo, joka la mlimani, ameshuka tena kama alivyoshuka Machi 1991. Ukishaona mawe makubwa kama vibanda yamelala katikati ya shamba la mahindi, humbishii mtu anayekwambia ni joka.

Kazi yangu ilikuwa kusajili kaya kwenye kambi zilizowekwa mashuleni. Jina la mkuu wa kaya. Idadi ya watu kabla ya mvua. Idadi sasa.

Siku ya tano tulikuta daraja dogo limekatika, tukashuka kuvuka kwa miguu. Wenzangu walitangulia. Mimi tope lilinishika hadi gotini. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Nikakitafuta kwa mikono, sikukipata, na katika kuhangaika nikakanyaga kipande cha bati. Nilikaa ukingoni, damu zinatoka, nikaona haya kulia mbele ya watu waliopoteza nyumba.

Ikasimama kabaza, ndivyo waitavyo baiskeli za kubeba abiria. Mwenye baiskeli, mwanamume wa makamo, aliutazama mguu wangu bila kusema kitu. Akatoa chupa yake ya maji ya kunywa, akachuchumaa, akaniosha kidonda hadi chupa ikaisha. Kipindupindu kilikuwa bado kinaua watu Malawi, na maji safi watu waliyapangia foleni tangu alfajiri. Nilijaribu kuuvuta mguu. Hakuuachia.

Kisha akavua ndala zake, za bluu, moja ugwe wake umefungwa kwa waya.

"Valani," akasema.

Vaeni. Sikuhitaji mkalimani. Nikamwonyesha miguu yake mwenyewe, nikatikisa kichwa.

"Valani, achemwali."

Dada. Nikavaa. Alinipakia nyuma, akaendesha pekupeku, na pedali za baiskeli ile zilikuwa vyuma vitupu, mpira ulishatoka zamani. Kila alipokanyaga kupanda kilima niliziona nyayo zake zikijikunja. Tulipofika nikampa kwacha nilizokuwa nazo. Akanifumba vidole juu ya noti zangu, akageuza baiskeli. Nilichoweza kusema ni zikomo, asante, na nililisema mara nyingi mno.

Jioni ile nilinunua viatu vingine sokoni. Ndala nikaziosha, nikazianika, nikawa natembea nazo kwenye begi nikiuliza kila kabaza niliyokutana nayo.

Siku tatu baadaye, katika kambi nyingine, nilikuwa nimeinamia daftari nikaona miguu pekupeku mbele ya meza. Niliijua kabla sijainua macho. Mkalimani akauliza kama kawaida. Jina, akataja. Watu wangapi kabla ya mvua? Watano. Na sasa?

Akainua kidole kimoja.

Kalamu ilikataa kuandika, au mkono wangu. Mkalimani akanigusa bega. Nikaandika 1. Nikafungua begi, nikaziweka ndala mezani, juu ya daftari, sikujua la kusema kwa lugha yoyote ile. Akazichukua, akaukagua ule waya kwa kidole gumba, kisha akamwambia mkalimani maneno machache.

"Anauliza kidonda kimekauka?"

Nikavua kiatu, nikamwonyesha.