Namna nilivyoiponya printa yangu ya leza bila kununua fyuza

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi karibu na Barabara ya Digo, hapa Mombasa. Wateja wangu wengi huja na hati zisizotaka doa: kiapo cha mahakamani, mkataba wa kuuza kiwanja, barua ya kuomba kazi, ripoti ya mwanafunzi wa chuo kule Tudor. Masika yalipoingia, printa yangu ya leza ikaanza kunisumbua. Maandishi yalitoka yamefifia mabaka mabaka, kitone cheusi kikawa kinajirudia ukingoni mwa kila ukurasa, na kwenye kadi nene wino ukawa haushiki.

Fundi mmoja alikuja, akatazama karatasi moja tu, akasema, "Kaka, hapa ni tona mpya, na fyuza nayo imekufa." Hakufungua hata mlango wa printa. Tona ndiyo unga wa wino, na fyuza ni kifaa cha joto kinachoushikisha unga huo kwenye karatasi. Bei ya vitu hivyo viwili ilikuwa inakaribia ya printa nzima ya mtumba. Nikamwambia anipe muda kwanza.

Nilichotaka kujua ni ubovu unaingilia wapi. Ndani ya printa ya leza kazi huenda kwa zamu. Dramu, yaani silinda laini inayozunguka, hupewa chaji ya umeme tuli, mwale wa leza huchora maandishi juu yake, na unga wa tona hunasa pale palipochorwa. Kisha rola iliyo chini ya karatasi huuvuta ule unga uhamie kwenye karatasi. Mwisho fyuza, yenye joto la karibu nyuzi 200, huuyeyusha na kuukandamiza. Chester Carlson, Mmarekani aliyebuni njia hii mwaka 1938, alitegemea umeme tuli na unga mkavu, na mpaka leo mambo ni hayo hayo. Ndiyo maana unyevu huiharibu kazi hii haraka sana, na sisi watu wa pwani unyevu tunao mwaka mzima.

Kwa hiyo nikaisimamisha printa katikati ya kazi. Niliagiza ukurasa uliojaa maandishi, na karatasi ilipofika nusu ya safari nikafungua mlango wa mbele. Mashine husimama hapo hapo. Nikatoa katriji, kile kikasha chenye tona na dramu, nikainua kile kifuniko chembamba kinachoikinga dramu, nikaitazama upesi kwenye kivuli, kwa sababu dramu ikipigwa na mwanga mkali kwa muda huharibika. Juu ya dramu maandishi yalikuwa meusi, kamili, herufi zote zinasomeka kinyumenyume. Lakini kwenye ile nusu ya karatasi iliyokwisha kupita, maandishi hayo hayo yalikuwa yamefifia. Basi tona haikuwa na kosa. Unga ulikuwepo wa kutosha, ila ulikuwa hauhamii kwenye karatasi.

Jambo la pili nililiona kwa macho. Karatasi ikitoka juu ya printa, mvuke mwembamba ulikuwa unapanda, na karatasi yenyewe ilikuwa inajikunja pembeni. Yale yalikuwa maji yaliyomo ndani ya karatasi, yamechemshwa na fyuza. Karatasi yenye unyevu hupitisha chaji ikavuja, kwa hiyo ule mvuto wa kuuhamisha unga hupungua nguvu. Nikaondoa karatasi zote zilizokuwa kwenye trei, nikafungua rimu mpya iliyofungwa vizuri, gramu 80 zile zile, aina ile ile. Ukurasa wa kwanza ukatoka mweusi mzuri. Nilifurahi sana, sitaficha. Tangu hapo trei hupata karatasi za kazi ya siku hiyo tu. Zinazobaki hurudi kwenye karatasi yake ya nta, kisha kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, juu ya rafu, mbali na sakafu na mbali na dirisha.

Kile kitone hakikuondoka na karatasi mpya, nami sikutarajia kiondoke. Kitu kinachojirudia kwa umbali ule ule hutoka kwenye kitu kinachozunguka, na umbali wenyewe ndio unaokutajia ni kipi. Nikachukua rula, nikapima kutoka kitone hadi kitone kuelekea chini ya ukurasa: milimita 75, tena 75. Dramu ya katriji yangu ina kipenyo cha milimita 24. Zidisha kwa 3.14 upate mzunguko wake, ni kama 75. Rola za fyuza na rola nyingine zina mizunguko tofauti, kwa hiyo zote zikaondoka kwenye lawama. Nikaizungusha dramu polepole kwa kushika gia ya pembeni, na kweli, karibu na ncha moja palikuwa na kichubuko kidogo kama tundu la sindano. Kichubuko hakisafishwi. Nikaipeleka katriji kwa mtu anayejaza tona, nikamwomba abadilishe dramu peke yake na aache vingine vilivyo. Kama rula ingeonyesha umbali mwingine, ningekuwa nimenunua dramu bure.

Zikabaki kadi. Mama mmoja alikuwa amechapisha kadi za harusi ya bintiye, akaja amezishika mkononi. "Mwanangu, hebu tazama," akasema, akapitisha kidole juu ya jina la bwana harusi. Nusu ya jina ikabaki kidoleni. Hilo ndilo lililomfanya fundi aseme fyuza imekufa. Lakini fyuza iliyokufa isingeshikisha hata karatasi ya kawaida, na ya kawaida nilikuwa naisugua kwa nguvu na haitoki kitu. Kadi nene hunywa joto jingi zaidi. Kwenye mipangilio ya printa, aina ya karatasi ilikuwa imewekwa ya kawaida. Nikachagua karatasi nene, printa ikapunguza mwendo ili joto lipate muda wa kupenya, nikachapa kadi moja, nikaisugua mbele yake. Haikutoka. Nikamchapia zote upya bila malipo, kwa sababu harusi haingoji.

Mstari mweupe unaoshuka ukurasa mzima ni jambo jingine, nao huwapata wengi hapa mjini kwa vumbi letu. Mara nyingi ni kioo cha leza kimeshika uchafu mahali fulani, na kitambaa kikavu kisicho na nyuzi hutosha.

Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe, ninasihi mambo machache. Zima printa na uiache ipoe, maana fyuza huunguza vibaya. Usiiguse dramu kwa vidole, mafuta ya ngozi huacha alama. Unga ukimwagika, usiupulize wala usiuvute kwa mashine ya kawaida ya kufagilia, kwani chembe zake ni laini mno na hupita kwenye mfuko wake zikarudi hewani. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo. Ukiingia kwenye nguo, kung'uta kwanza, kisha osha kwa maji baridi. Maji ya moto huuyeyusha, na kanzu nyeupe haitarudi kuwa nyeupe.