Cheti cha Mtoto Huanzia Kwenye Daftari la Wodi

Ukisikia mtu analalamika kwamba RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo Tanzania Bara, wamemkosea jina la mtoto, mwulize kwanza kama aliwahi kulisoma tangazo la kizazi, ile karatasi ya taarifa za mtoto aliyopewa hospitalini. Mara nyingi kosa limo humo humo. Msajili hunakili kilichomo kwenye tangazo, na tangazo lilijazwa wodini, pale muuguzi alipomwuliza mama jina la baba wa mtoto huku mama bado hajakaa sawasawa kitandani.

Kwa hiyo kazi ya cheti ianze kabla ya uchungu. Andikeni kwenye karatasi majina matatu ya mama na majina matatu ya baba, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao vya NIDA, kisha karatasi hiyo ikae ndani ya kadi ya kliniki. Muuguzi huandika anavyosikia. Ally ama Ali, Hadija ama Khadija, Mohamed ama Muhammad, kwake yote ni sawa, na yule ambaye kwao l na r hazitenganishwi anaweza kutoka wodini na Lehema badala ya Rehema. Baba anayejulikana mtaani kwa jina la utani ndiye mwenye hatari zaidi, maana shangazi aliyeandamana na mama hospitalini huenda halijui jingine.

Tarehe nayo ina mtego wake. Mtoto aliyezaliwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 2 ni wa tarehe 2, hata kama ukoo mzima unasema kazaliwa usiku wa tarehe 1. Linganisheni tarehe ya kwenye tangazo na ile ya kwenye kadi ya kliniki ya mtoto kabla ya kuondoka. Pacha kila mmoja awe na karatasi yake. Kosa likionekana siku hiyo, muuguzi analirekebisha papo hapo kwa kufuata daftari la wodi. Likigundulika mtoto akiwa darasa la saba, mtakuwa mnatafuta wakili wa kuwaandalia kiapo.

Jambo jingine: tangazo si cheti. Zipo familia zimelitunza tangazo miaka kumi na zaidi zikiamini ndicho cheti chenyewe, hadi shule au bima ya afya ilipolikataa.

Kwa Tanzania Bara, sheria ya usajili wa vizazi na vifo, Sura ya 108, inatoa siku 90 za kumsajili mtoto tangu azaliwe. Kwa utaratibu wa zamani mzazi anapeleka tangazo kwa msajili wa wilaya, yaani katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako Katibu Tawala ndiye msajili. Safari hiyo na nauli yake ilichangia sana watu kubaki bila vyeti. Sensa ya 2012 ilikuta takriban asilimia 13 tu ndio wanavyo. Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, ukaja mpango wa watoto walio chini ya miaka mitano: mtoto anasajiliwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya Mtendaji wa Kata, taarifa zinatumwa kwa simu, na cheti cha kwanza kinatolewa bila ada. Mpango huo umeenea mikoani, kwa hiyo mwenye mtoto mdogo aanzie kata kabla ya kufikiria kwenda wilayani. Vyeti vyake hujazwa kwa mkono. Msikubali kupokea kabla ya kukisoma mbele ya aliyekijaza, kwa sababu mkono nao huchoka, hasa siku ya foleni.

Aliyejifungulia nyumbani aende kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa mapema, na kadi ya kliniki mkononi. Wazazi ambao hawajafunga ndoa waende wote wawili. Baba akikosekana, jina lake ndilo huzua maswali, na kuliingiza baadaye ni kazi ndefu kuliko kuahirisha kibarua cha siku moja.

Siku 90 zikipita mlango haufungwi, ila vielelezo vinaongezeka. Mtu mzima anayeomba kwa mara ya kwanza ataulizwa vielelezo kama cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, na vitambulisho vya wazazi, na vyote vinapaswa kusema jina moja na tarehe moja. Hapo ndipo wengi hukwama: shule ilipunguza mwaka, kanisa liliandika jina la dini peke yake. Maombi siku hizi hufanyika pia kwenye mfumo wa eRITA, unapakia nyaraka na kulipia kwa namba ya malipo. Picha ya simu iliyokatwa pembe hurudishwa, kwa hiyo skani ukurasa mzima.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo ya kuogopa kuliko herufi. Akifika miaka 18 kijana anakwenda NIDA, na namba atakayopewa ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku yake ya kuzaliwa. Tarehe ya uongo ikiingia hapo inakuwa sehemu ya namba yenyewe, na benki, laini ya simu na TIN, yaani namba ya mlipakodi, vyote vinaifuata. NIDA na Uhamiaji wataomba pia nyaraka za wazazi, kwa sababu cheti kinaeleza umezaliwa lini, wapi na nani wazazi wako, na suala la uraia huulizwa kivyake. Anayeomba mkopo wa elimu ya juu naye anapaswa kukihakiki cheti chake RITA kabla ya dirisha kufunguliwa. Wiki ya mwisho mfumo huelemewa.

Cheti msikiweke lamination. Karani anataka kuuona muhuri vizuri, na plastiki inamzuia. Kiwekeni kwenye bahasha ngumu, na mkipige picha pande zote mbili ili namba ya ingizo isomeke. Kikipotea, nakala hutafutwa haraka kwa namba hiyo. Bila hiyo, karani anarudi kupekua rejista kwa jina na mwaka.