Malaika wa Blythburgh na mifuko ya saruji

Teksi kutoka stesheni ya Halesworth, mashariki mwa Uingereza, hadi kanisa la Blythburgh ilitutoza pauni 22. Dereva alizipokea bila hata kugeuza shingo, akatushusha kando ya barabara kuu na kuondoka. Mpwa wangu, anayeishi Ipswich na aliyekwisha kuchoka kunitembeza, akanitazama. "Mjomba, una hakika hapa ndipo?"

Nilikuwa na hakika. Kanisa lenyewe ungeliona hata bila kuelekezwa, maana Blythburgh ni kijiji cha nyumba chache na mto unaojaa na kukauka kama hori, halafu juu ya kilima kidogo limesimama jengo la kutosha watu wa mji mzima. Wenyeji wanaliita kanisa kuu la vinamasi, ingawa kwa cheo ni kanisa la parokia tu. Nililiona kwanza kwenye kalenda iliyotundikwa jikoni kwa mke wa mpwa wangu, na tangu siku hiyo sikuwapa raha mpaka wakakubali kunileta. Siku za London sizisimulii. Nilitembezwa, nikachoka miguu, nikanunua maji kwa bei ya soda tatu.

Mimi ni mwashi. Nyumba kongwe za Unguja ndizo zinazonilisha, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokiendea ni ukuta, si mlango. Na hapo ndipo nilipostaajabu. Mkoa wa Suffolk hauna mawe mazuri ya kujengea. Una gumegume, vipande vigumu na vyeusi ndani, vinavyookotwa mashambani na ufukweni, vidogo na visivyo na umbo. Mafundi wa karne ya 15 walivipanga katika chokaa, safu kwa safu, wakiacha kila kimo kikauke kabla ya kupandisha kingine, kwa sababu gumegume hainywi maji na ukuta ukikimbizwa hubomoka. Jiwe la kuchongeka lilibidi liletwe kwa vyombo kutoka mbali, likawekwa pale tu lisipokwepeka: kwenye pembe, kwenye matao, kwenye fremu za madirisha. Sasa badilisha gumegume uweke matumbawe, na hiyo ndiyo nyumba ya babu yangu Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja. Kifusi na chokaa, ustadi wote uko kwenye subira.

Upande wa mashariki, chini ya dirisha kubwa, wameipasua gumegume ikatoa uso laini kama kioo cheusi, wakaikata iingie katikati ya jiwe jeupe na kuunda herufi. Nilipitisha kidole kwenye maungio. Ukucha haukupata pa kuingia.

Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Hakuna kiingilio, kuna sanduku la mchango tu, na kwa hilo nawapongeza, maana kwingine nilikopita hata choo kilikuwa na bei. Sakafu ni ya matofali, kuta nyeupe, na mwanga unamwagika kutoka safu mbili za madirisha: ya chini ubavuni na nyingine juu ya matao, karibu kabisa na paa. Vioo vingi havina rangi, kwa hiyo hakuna giza lile nililozoea kulihusisha na makanisa ya zamani. Mpwa wangu alikaa kwenye benchi akatoa simu. Hakujua kwamba ubavuni pake, kwenye ncha ya mabenchi yale, kuna dhambi zimechongwa kwa mbao: mlafi ameshika tumbo, bahili kakalia sanduku lake, na mvivu yumo kitandani. Nilimwonyesha huyo wa kitandani. Hakucheka.

Ghafla kengele ikalia nyuma yetu, nikaruka. Palikuwa na mtu wa mbao mwenye ndevu, kapakwa rangi, ndiye aliyegonga. Wanasema ni wa mwaka 1682, na sasa hutumika kuashiria kwamba ibada inaanza. Aliyevuta kamba yake alikuwa mzee mmoja wa pale, mfupi, amevaa sweta lililotoboka kiwiko, naye alifurahi mno kuona amenishtua. Akanipa darubini bila kuniuliza, akanyoosha kidole juu.

Nilikaa na darubini ile mpaka shingo ikaniuma. Paa lote ni la mwaloni, halikuinuka sana, na boriti zake zinavuka ukumbi mzima kutoka ukuta hadi ukuta. Katikati ya boriti wamewekwa malaika, wawili wawili wamepeana migongo, mmoja akitazama mashariki na mwenzake magharibi, mbawa zimetandazwa. Rangi ya zamani bado ipo kwenye mbao, nyekundu na kijani iliyofifia, maua juu ya weupe. Nilichokionea wivu lakini si malaika, ni urefu wa zile boriti. Sisi tulijengea mikoko. Mkoko haukupi zaidi ya mita tatu au chini yake, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, hata kwa tajiri. Nyumba zetu zilipimwa na mti.

Mzee akanisimulia habari za mwaka 1644. Kiongozi mmoja wa waliochukia sanamu, William Dowsing, alifika hapa mwezi wa Aprili akaandika kwenye daftari lake kwamba makerubi 20 yaondolewe. Hayakuondolewa yote, pengine ngazi haikufika. Baadaye paa lilipofanyiwa kazi zikakutwa risasi ndani ya mbao, na kwa muda mrefu watu wakaamini askari wake ndio waliowapiga malaika. Kumbe kumbukumbu za wazee wa kanisa za karne ya 18 zinaonyesha malipo ya baruti na risasi za kuwaua kunguru waliokuwa wakiingia humo. Hapo nilicheka peke yangu. Kunguru na Unguja ni habari ndefu.

Akanipeleka pia mlango wa kaskazini, wenye alama nyeusi za kuungua. Tarehe 4 Agosti 1577 radi ilipiga wakati wa ibada, ncha ya mnara ikaanguka ndani, akafa mwanamume na mvulana mmoja. Watu wakasema ni jibwa jeusi la shetani, na zile ni kucha zake. Mimi naona ni alama za mshumaa, lakini mgeni habishi.

Tulipobisha kweli ni kwenye saruji, na hapo tulibisha kwa upande mmoja. Nilimwambia kazi yangu, akaniita nje tena tuangalie ukuta. Alinieleza kwamba makanisa mengi ya mkoa huo yalizibwa kwa saruji karne iliyopita, kwa nia njema. Maji huingia kwenye nyufa, saruji inayazuia yasitoke, baridi inayagandisha, na ukuta unapasuka kutoka ndani. Chokaa huacha unyevu utoke polepole. Kwetu hakuna barafu ila kuna chumvi, na ncha za boriti zinaoza humo humo ukutani pasipoonekana, mpaka siku sakafu inapokuja chini. Nimelisema jambo hili kwenye nyumba nyingi. Wenyewe hunijibu kwamba saruji inakauka haraka na iko kila duka. Ni kweli yote mawili, na hata pale Blythburgh fedha ilipokosekana jengo liliharibika hadi likafungwa mwaka 1881 kwa kuwa hatari. Kijiji chenyewe, ambacho hapo kale kilikuwa mji wa bandari, kilikuwa kimekwisha kufilisika zamani, mto ulipojaa tope na vyombo vikubwa vikashindwa kupanda.

Kurudi hakukuwa na teksi. Kampuni tuliyoipigia simu ilisema saa nzima, tukangoja saa moja na nusu kando ya barabara ya malori, na chai tuliyokunywa kungojea ilikuwa pauni 3 na nusu kikombe, maziwa yanalipiwa mbali.

Ndipo nilipompigia simu kaka yangu Malindi. Nyumba ya babu inatoa lipu upande wa uani na tulikuwa tumeahirisha mazungumzo hayo. Nikamwambia atafute chokaa, aiache iive kwenye pipa mpaka nirudi. Akanyamaza, kisha akasema mifuko ya saruji imeshaletwa, minane, imepangwa ukumbini. Nikamwambia aiuze. Akaniuliza kama huko Ulaya nimepewa pesa ya kuwalipa mafundi wa chokaa. Tulizozana mpaka salio likaisha, na mpwa wangu akanipa simu yake tukaendelea.